Mchoro wa kiluwiluwi useme pia unapoishia

Chukua viluwiluwi wawili wa mbu, mmoja wa Aedes aegypti na mwingine wa Aedes albopictus, uwatie kwenye glasi moja ya maji. Wote wana mrija mfupi wa kupumulia, wote huning'inia kichwa chini, na kivuli cha mkono kikipita wote hujinyonganyonga kuelekea chini. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuapa yupi ni yupi. Tofauti iko kwenye pingili ya nane ya tumbo, karibu na mkia, katika safu ya magamba yapata kumi ambayo wataalamu huiita kitana. Gamba la aegypti lina mwiba mkuu katikati na miiba mingine imara ubavuni. Gamba la albopictus lina mwiba mmoja ulionyooka, na ubavuni mwake hakuna kitu ila vijinywele vyembamba kwenye shina.

Gamba hilo halionekani bila hadubini, lakini limebeba mambo mazito. Aegypti ndiye mbu wa dengi wa miji yetu, ile iliyoitesa Mombasa mwaka 2013 na Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ambayo wengine huiita kidingapopo. Albopictus ni mzaliwa wa Asia aliyezunguka dunia kwa njia ya mayai yaliyoganda ndani ya matairi chakavu. Ndiye aliyeeneza chikungunya kisiwani Réunion mwaka 2005 na 2006, na huko Afrika ya Kati ameshapiga kambi Kamerun, Gabon na Kongo. Mkaguzi wa bandari akimkuta kwenye shehena ya matairi, taarifa anayopaswa kuituma si ile ambayo angeituma kwa kumkuta aegypti, mwenyeji wetu wa siku zote.

Mkaguzi huyo atajua kwa kuutazama mchoro wa magamba mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu. Maelezo ya maneno yatamchosha, kwa sababu "miiba imara ya ubavuni" haina maana kwa mtu ambaye hajawahi kuuona mwiba dhaifu. Picha ya kamera huenda ikampotosha, nami nitaeleza kwa nini. Mchoro mweusi wa wino juu ya karatasi nyeupe, mistari michache tu, unammalizia kazi kwa dakika moja.

Kuna wanaouona mchoro wa kisayansi kuwa pambo la kitabu, au mabaki ya zama ambazo kamera zilikuwa za matajiri. Mimi nauhesabu kuwa chombo cha kazi, na kwa mazingira yetu ya Afrika Mashariki bado ndicho chombo kikuu cha mtu anayesimama kando ya dimbwi na kata mkononi. Ila naweka sharti. Mchoro unaostahili kuaminiwa ni ule unaosema pia mahali uwezo wake unapokoma, na michoro mingi inayozunguka kwenye mabango na vitini vya mafunzo hailitimizi sharti hilo hata kidogo.

Tuanze na mchoro wenyewe. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichora kiluwiluwi wa mbu mwaka 1665, na mchoro wake unapendeza mpaka leo: kichwa, macho, vishungi vya nywele, mkia. Lakini hakuwa na haja ya kumtofautisha na kiluwiluwi mwingine yeyote. Alichora alichokiona, akashangaa, akawashangaza wengine. Mchoro wa utambuzi una kazi nyingine kabisa. Ni madai juu ya mdudu. Aliyeuchora anakwambia nywele hii ishike, ile haina neno, na rangi ya mwili ipuuze kwa sababu hubadilika kufuatana na maji aliyokulia na chakula alichokula. Kila mstari uliopo ni uamuzi, na kila mstari usiokuwepo ni uamuzi pia.

Ndiyo maana michoro ya viluwiluwi wa mbu ina sura ya ajabu kwa anayeiona mara ya kwanza. Mwili umegawanywa kwa mstari wa katikati: upande mmoja unaonyeshwa mgongo, upande wa pili tumbo. Hakuna mdudu wa namna hiyo duniani. Lakini kwa kuwa pande mbili za mwili zinafanana, mchoraji anaokoa nafasi na kuweka kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Kiluwiluwi wa hatua ya nne, ile ya mwisho kabla ya kuwa bundo (hatua ya kati ya kiluwiluwi na mbu mwenye mabawa), ana jozi zaidi ya 200 za nywele, na kila jozi ina namba yake kwa kila pingili. Mtaalamu wa Manila na mwenzake wa Muheza wakitaja nywele namba fulani ya pingili fulani, wanazungumzia nywele ile ile. Hatua ya nne ndiyo huchorwa kwa kuwa kiluwiluwi mchanga hajapata nywele zote wala maumbo yake hayajatulia. Ukimpima kwa mchoro wa mkubwa, utakosea.

Mkono wa mchoraji hauachwi uende utakako. Tangu William Hyde Wollaston alipopata hataza ya kamera lusida mwanzoni mwa karne ya 19, wachoraji wamekuwa wakitumia vifaa vya kioo vinavyomwezesha mtu kuona sampuli na karatasi kwa wakati mmoja, penseli ikifuata kingo za kitu chenyewe. Vipimo hutoka hapo. Kisha sampuli ya pili, ya tano, ya kumi hulinganishwa na mchoro wa kwanza, kwa sababu kiluwiluwi mmoja anaweza kuwa amevunjika nywele au amezaliwa na tawi la ziada. Kinachobaki kwenye wino ni kile walichonacho wengi wao.

Hapo ndipo kamera inaposhindwa, na wala si kwa sababu ya ubora wa lenzi. Kadiri hadubini inavyokuza, ndivyo kina cha eneo linaloonekana wazi kinavyopungua. Nywele iliyo juu ikionekana vizuri, ya chini yake inakuwa ukungu. Siku hizi kuna programu zinazounganisha picha nyingi za vina mbalimbali ziwe moja, na matokeo yake yanavutia sana. Bado, picha hiyo ni ya mdudu mmoja, pamoja na uchafu uliomng'ang'ania na nywele iliyokatika alipobanwa chini ya kioo, na macho ya mgeni hayana njia ya kujua lipi kati ya hayo ni la spishi na lipi ni la bahati mbaya. Picha ina mahali pake: mkao wa mdudu akiwa hai, uwazi wa mwili wake, namna anavyotembea. Wekundu wa viluwiluwi wa Chironomus, wadudu wafananao na mbu lakini wasiouma, wanaoishi kwenye matope, unaotokana na himoglobini kama ya damu yetu, huonekana vizuri kwenye picha kuliko kwenye wino wowote. Mtu akiniuliza kama achague moja, nitamwambia swali lake si zuri.

Kuna jambo la kisheria hapa ambalo huwa linanifurahisha. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina ya kisayansi ziliruhusu, kwa majina yaliyochapishwa kabla ya mwaka 1931, jina jipya lisimame kwa mchoro peke yake. Kuanzia mwaka huo, lazima pawe na maelezo ya maneno yanayotaja sifa za kumtofautisha mnyama huyo na wengine. Mchoro ukawa pendekezo, maneno yakawa sharti. Lakini tembelea maabara yoyote uone watu wanafanya nini: wanafungua ukurasa wenye michoro kwanza, na maneno wanayaendea wakikwama.

Sasa tuje kwenye mpaka.

Kwa viluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, mchoro unafanya kazi nzuri sana ngazi za mwanzo. Kwanza mkao: hana mrija wa kupumulia, kwa hiyo hulala sambamba na uso wa maji, akishikiliwa na nywele zilizotandazwa mithili ya kiganja, ilhali mbu wa makundi mengine, Culex na Aedes, huning'inia. Hili hata mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja hasahau. Kisha kichwa: kuna nywele mbili za ndani, mbele kabisa, ambazo kwa Anopheles coustani zimekaribiana mno na kwa Anopheles gambiae zimeachana. Coustani kwa kawaida hupendelea kunyonya wanyama, gambiae anatutafuta sisi. Mchoro wa vichwa viwili, hakuna zaidi, na tayari fundi wa maabara ya wilaya ameshatenganisha mbu wa kumtilia shaka na yule wa kumpa umuhimu mdogo.

Lakini "Anopheles gambiae" yenyewe ni nini? Mpaka miaka ya 1950 lilikuwa jina la mbu mmoja, ingawa watu walishaona kwamba wale wa maji ya chumvi ya pwani wana tabia zao. Majaribio ya kuwapandisha mbu wa sehemu mbalimbali yaliyofanywa na George Davidson na wenzake yalionyesha kwamba madume waliozaliwa kwa baadhi ya ndoa hizo walikuwa tasa. Maana yake, waliozaa hawakuwa spishi moja. Wakaitwa kwanza kwa herufi, A, B na C, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatenganisha kwa kuwatazama. Baadaye wakapata majina: B ndiye Anopheles arabiensis wa leo. Kwenye maji ya chumvi ya pwani yetu yuko Anopheles merus. Kwenye chemchemi za maji moto za Semliki, magharibi mwa Uganda, yuko Anopheles bwambae, ambaye hajulikani kuzaliana penginepo. Tangu mwaka 1993 kuna kipimo cha vinasaba kinachowatenganisha kwa uhakika.

Tofauti yao ina uzito. Gambiae wa kweli huingia ndani usiku na kunyonya watu, kwa hiyo chandarua chenye dawa kinamkamata. Arabiensis hutoka nje, hunyonya ng'ombe akimpata, na chandarua hakimmalizi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki vyandarua vilipoenea, wa kwanza alipungua sana na wa pili akabaki. Mtu anayetaka kujua kwa nini malaria imegoma katika bonde fulani lazima ajue ni yupi kati yao, na kwa kiluwiluwi hakuna nywele, hakuna gamba, hakuna doa la kumwambia.

Lawama yangu kwa vitini vyetu inatoka hapa. Unakuta ukurasa wenye mchoro safi wa kiluwiluwi, chini yake imeandikwa Anopheles gambiae, nukta. Mwanafunzi anauamini, kwa nini asiuamini? Anakwenda uwandani, anajaza fomu "gambiae 40", na takwimu zinapanda ngazi mpaka wizarani zikiwa na uhakika ambao hazikuzaliwa nao. Mchoraji hakukosea hata mstari mmoja. Kosa liko kwenye maneno mawili ya chini yake. Ingeandikwa "kundi la spishi za gambiae, hazitenganishiki kwa umbo", fomu ile ile ingekuwa ya kweli.

Usubi wanatufundisha zaidi. Hawa ni inzi wadogo weusi wa mito yenye kasi, ambao viluwiluwi wao hujishikiza kwenye mawe na majani kwa kulabu za mkiani na kuchuja chakula kwa feni mbili za kichwani. Simulium damnosum hueneza upofu wa mtoni, ugonjwa ambao kwa Kiswahili umechukua jina la inzi mwenyewe. Mwaka 1966 R. W. Dunbar alitangaza kwamba Simulium damnosum wa Uganda walikuwa spishi nne ndani ya jina moja. Hakuona hilo kwa nje. Alitazama kromosomu kubwa zilizo ndani ya tezi za kiluwiluwi, zenye milia myeusi na myeupe, na kukuta vipande vya milia vimegeuzwa kwa mpangilio tofauti. Na milia hiyo ilirekodiwaje ili mtu mwingine aitumie? Ilichorwa. Ramani za kromosomu, mlia kwa mlia, kila kipande kikiwa na namba. Umbo la nje liliponyamaza, kalamu ilihamia ndani ya mwili. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema spishi pacha, yaani zile zisizotofautiana kwa nje, zimeua mchoro. Zilichofanya ni kuulazimisha utafute kitu kingine cha kuchora.

Usubi wana kisa kingine, cha upungufu wa namna nyingine. Simulium neavei aliwaletea watu wa Nyanza nchini Kenya upofu kwa miaka mingi, na watafiti walimjua vizuri akiwa na mabawa. Viluwiluwi wake hawakuonekana. Mito ilitafutwa, mawe yakageuzwa, majani yakachunguzwa. Mwaka 1950 V. D. van Someren na J. McMahon walitangaza kwamba wamewapata: walikuwa wamejishikiza juu ya kaa wa mtoni, wakisafiri naye. Mchoro bora kabisa wa kiluwiluwi huyo, wenye kila nywele na namba yake, usingemsaidia mtafutaji kama haumwonyeshi kaa. Desturi yetu ya kumchora mdudu akielea katikati ya ukurasa mweupe ina usafi wake, lakini inamng'oa kwenye makazi yake, na kwa viluwiluwi wengi makazi ni nusu ya utambulisho. Kiluwiluwi wa Mansonia, mbu wa kundi jingine, hutoboa mizizi ya mimea ya majini ili apumue humo, wala haji juu. Aedes wa kundi la simpsoni hukaa kwenye maji yanayotuama kwapani mwa majani ya migomba na magimbi. Mchore huyo bila jani uone kama bwana shamba atamtafuta mahali panapostahili.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu Anopheles stephensi aingie Afrika. Ni mbu wa malaria wa India na nchi za Ghuba, aliyebainika Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudan na Somalia, na Kenya ikatangaza mwanzoni mwa 2023 kwamba amepatikana Marsabit. Hofu inatokana na mahali anapozaliana. Mbu wetu wa malaria walizoea madimbwi ya mvua, majaruba ya mpunga, nyayo za ng'ombe. Stephensi anataga kwenye matangi, mapipa na visima vya mjini, mara nyingi chombo kimoja na Aedes aegypti. Akiwa mkubwa anaweza kudhaniwa ni gambiae na asiyetazama kwa makini, na uthibitisho wake hutolewa kwa vinasaba.

Je, afisa afya wa mtaa wa Mombasa au Tanga anahitaji mchoro wa nywele 200 za stephensi? Hapana. Anahitaji mchoro wa tangi la maji lililokatwa ubavu, ndani yake viluwiluwi wawili: mmoja ananing'inia kwa mrija, mwingine amelala sambamba na uso wa maji. Na maneno: ukimwona huyu wa pili kwenye chombo cha maji cha mjini, usimpe jina, mpeleke maabara. Mchoro wa namna hiyo ni rahisi mno, mtaalamu wa maumbo huenda akauona wa kitoto. Kwangu ndio wenye akili kuliko yote niliyoitaja, maana umekadiria sawasawa jicho la mtazamaji linaweza nini na haliwezi nini.

Ngazi ya utambuzi inategemea unataka kufanya nini. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Kuba, hutengeneza viuadudu vya kibayolojia vya kuulia viluwiluwi, kwa kutumia bakteria wa aina mbili. Mmoja, Bacillus thuringiensis israelensis, anaua Anopheles, Culex, Aedes na hata usubi. Wa pili, aliyezoeleka kama Bacillus sphaericus, ni mkali kwa Culex, hudumu zaidi kwenye maji machafu, na anafaa pia kwa Anopheles, lakini Aedes aegypti hamjali sana. Kwa hiyo mhudumu wa kata anayemwaga wa pili kwenye mapipa yaliyojaa Aedes wakati wa dengi anapoteza dawa, muda na imani ya wenye nyumba. Kumzuia asifanye hivyo hakuhitaji spishi. Kunahitaji jenasi, yaani kundi la spishi jamaa, na jenasi inasomeka kwenye mrija: mrefu wenye vishungi kadhaa vya nywele ni Culex, mfupi wenye jozi moja ya kishungi ni Aedes, usipokuwepo ni Anopheles. Mradi wa kudhibiti malaria wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa wenyewe kukagua madimbwi na kumtenganisha Anopheles na wengine, wengi wao wakiwa hawajasomea wadudu. Nani bado anadhani kazi hii ni ya maprofesa peke yao?

Kwenye mito hesabu inageuka tena. Wanaopima afya ya mto kwa wadudu wake hawatafuti majina ya spishi. Mfumo wa Afrika Kusini uitwao SASS, ambao ndio msingi wa ule wa Tanzania uitwao TARISS, unakwenda kwa familia, kila moja na alama zake kadiri inavyostahimili uchafu. Lakini una kipengele cha kufikirisha. Familia ya Baetidae, wadudu ambao wakishapata mabawa huishi muda mfupi sana, hupewa alama 4 ikipatikana aina moja, 6 zikipatikana mbili, na 12 zikizidi mbili. Mpimaji aliyeinama na sinia lake ukingoni lazima aseme mbele yake kuna aina ngapi, bila kuzipa majina. Huo ni ujuzi wa ajabu kidogo: kutofautisha bila kutaja. Anayeufundisha kwa orodha ya majina atashindwa. Anayeufundisha kwa kumpa mwanafunzi penseli na kumwambia achore matamvua saba ya ubavuni, urefu wa mkia wa katikati na umbo la kichwa, atafanikiwa, hata kama michoro yenyewe itakuwa mibaya. Kuchora hulazimisha jicho litulie. Sijui njia nyingine ya bei rahisi inayofanya hivyo.

Na sisi tunachora? Kidogo sana. Funguo za utambuzi, yaani miongozo ya kumtambua mdudu hatua kwa hatua, zinazotegemewa hapa zilijengwa kwa kazi kubwa iliyofanyika Uganda, na huko Amani na Muheza mkoani Tanga, enzi za ukoloni na miaka michache baadaye, na wakina G. H. E. Hopkins na M. T. Gillies. Ni kazi ambazo hazijazeeka kwa maana ya usahihi wa kalamu. Zimezeeka kwa majina, zilichapwa kwa Kiingereza, na ziliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuwa mtaalamu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hakuwa akilini mwao, wala hatuwezi kuwalaumu. Tunaoweza kulaumiwa ni sisi tunaonakili mchoro wao kwa mashine ya fotokopi mara ya tisa mpaka vijinywele vimeungana kuwa doa jeusi, kisha tunabandika chini yake jina ambalo lilishagawanywa kabla hatujazaliwa.

Nasikia jibu la wenzangu: simu ya mkononi itamaliza haya yote, unapiga picha ya kiluwiluwi, programu inakwambia. Kwa jenasi huenda ikafanya hivyo, na ije haraka. Lakini programu hiyo inafunzwa kwa picha zilizopewa majina, majina yanatolewa na mtu, na mtu huyo anayatoa kwa kutazama gamba na mrija kwenye ufunguo wenye michoro. Mchoro ukikosea au ukinyamaza kuhusu mipaka yake, mashine itarithi kosa hilo na kulisema bila kusitasita. Vinasaba navyo havisomeki vyenyewe: mfuatano wa herufi unalinganishwa na hazina ya mifuatano iliyopewa majina, na hazina hiyo inaaminika kadiri aliyeweka sampuli alivyoitambua vizuri siku ile. Wafadhili wananunua mashine za kusoma vinasaba, jambo jema. Sijaona tangazo la kazi la mchoraji wa wadudu katika taasisi yoyote ya eneo hili.

Wachoraji wapo. Vijana wanaochora vibonzo, mabango ya daladala na Tingatinga wana mikono ambayo maabara ingeitamani. Wanachokosa ni hadubini, mtaalamu wa kukaa naye ubavuni, na malipo. Mtaalamu ndiye muhimu kuliko vyote, maana mchoraji mzuri asiyeongozwa atachora kila anachokiona, na tumeshasema kwamba kazi hii ni ya kuchagua.

Kuhusu sampuli za kuchorwa, utaratibu mzuri upo tayari na ni wa zamani. Kiluwiluwi anafugwa peke yake kwenye chupa yenye namba. Akivua ngozi ya mwisho na kuwa bundo, ngozi ile inaokotwa na kuwekwa kwenye kioo cha hadubini, maana ina nywele zote na haina nyama ya kuziba mwanga. Bundo akitoka mbu, ganda lake nalo linahifadhiwa. Mbu mwenyewe anachomwa pini, na mguu wake mmoja unatosha kwa kipimo cha vinasaba. Namba moja, ngozi mbili, mbu mmoja, mguu mmoja maabara. Mchoro uliotoka kwenye ngozi ya chupa hiyo unajua jina lake kwa njia mbili, na kama njia ya umbo imeishia kwenye kundi tu huku vinasaba vimefika kwenye spishi, maelezo ya chini ya mchoro yaseme hivyo hivyo, yataje na namba ya chupa na jumba la makumbusho ambamo ngozi imehifadhiwa, ili anayetia shaka aende akaitazame.